Ufunguo wa Uteuzi Ushikwe na Nani?

Mwaka 1968, mjini Chicago, chama cha Democrat cha Marekani kilimteua Hubert Humphrey kuwania urais, hali hakushiriki kura ya mchujo katika jimbo hata moja. Kura hizo ziliwaendea zaidi wapinzani wa vita vya Vietnam. Wakuu wa chama wakamtaka Humphrey. Wanachama walinung'unika, nao walikuwa na haki. Ikaundwa tume ya kurekebisha kanuni, mwenyekiti wake wa kwanza George McGovern, ambaye (wala si ajabu) ndiye aliyenufaika nazo mwaka 1972. Mchujo ukampa uteuzi. Taifa likamnyima majimbo 49 kati ya 50.

Wako wanaotaka, kwa sababu hiyo, wakuu warudishiwe ufunguo. Sisi hatukubali. Humphrey wa wakuu naye alishindwa na Nixon yule yule.