Besi ya Kifahari, Bega la Mwenzio!

Wadau, kuna staa mmoja mkubwa wa hapa mjini, jina kapuni, aliyeamua bendi yake iwe na gitaa la besi la oda maalumu, sio lile la kuchukua dukani. Wazo zuri tu. Kasheshe ni kwamba mpiga besi wake mwenyewe aliliona siku moja na mashabiki, kwenye posti ya bosi.

Oda yenyewe ilikuwa fupi. Shingo yote iwe ya mpingo, nyeusi tii, halafu bodi ichimbwe ndani iwe nyepesi. Eti ndio itatoka vizuri kwenye kamera. Na kweli ilitoka. Laiki zikamiminika, emoji za moto kila kona. Kisha ikaja shoo ya kwanza.

Wanaojua besi waliona mapema. Kila jamaa alipoachia mkono wa kushoto, kichwa cha gitaa kilishuka kuelekea sakafuni. Yaani mkono ambao kazi yake ni kubonyeza nyuzi ukageuzwa mkono wa kubeba mzigo. Saa mbili za hivyo, bega linawaka moto na vidole vinachelewa. Kesho yake mitandaoni watu wakaanza: besi imelala, atafutwe mwingine. Bosi naye, badala ya kumtetea mtu wake, kanuna.

Hapo ndipo penye dhuluma. Aliyechagua mbao hakuguswa, aliyebebeshwa ndiye kaonekana hajui kazi.

Na ishu hii haina uchawi wowote, ni mizani tu, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Chukulia shingo ya besi pamoja na kichwa chake ina mbao ya ujazo wa karibu lita moja, sawa na chupa ya maji. Lita moja ya mkangazi mkavu ina gramu kama 550. Mepo, mti wa Amerika Kaskazini ambao Leo Fender aliuweka kwenye shingo ya besi yake ya Precision mwaka 1951, ni kama gramu 700. Mpingo? Kama gramu 1,200. Ndio maana ukiutupa majini unazama.

Kwa hiyo staa wetu wa kapuni aliongeza nusu kilo nzima kwenye shingo, tena upande ulio mbali na mwili wa mpigaji. Nyuzi za besi ya kawaida zina sentimita 86 kutoka nati hadi daraja, na kichwa kiko nje ya hapo. Gramu chache kule mwisho zinavuta kuliko gramu nyingi tumboni. Halafu akachimba bodi, ambayo ndiyo ilikuwa ivute upande wa pili! Katoa jiwe la mizani, kisha anashangaa mizani imeinama.

Mjini watu wameaminishwa kwamba gitaa jepesi ndilo la raha. Wapi! Besi ya kilo nne iliyotulia inachosha kidogo kuliko ya kilo tatu na nusu inayotaka kushikiliwa kama mtoto mtukutu.

Wapo watakaosema mpingo ni fahari ya Tanzania. Sawa, nani kakataa? Klarineti na obo za dunia zinatengenezwa kwa mti huo, na vinyago vya Wamakonde pia. Lakini kwenye besi sehemu yake ni ubao wa freti, unene wa milimita chache, pale ugumu wake unapohimili nyuzi za chuma. Mti huo unachukua miongo mingi kukomaa, na tangu 2017 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kuumaliza kwenye shingo nzima ili picha itoke ni ufujaji, sio uzalendo.

Wapo pia wa ule wimbo wa mwenye hela ndiye mwenye maamuzi. Haya, aamue rangi, aamue hata jina lake liandikwe kwa dhahabu. Uzito aamue anayevaa mkanda. Kwani nani anamnunulia mwenzake viatu bila kumuuliza saizi?

Na fundi asijifiche. Fundi anayepokea oda ya besi bila kumuuliza mpigaji anasimama au anakaa, mkanda anauvaa juu au chini, huyo anauza fanicha. Dawa zipo na zinajulikana: shingo ya mbao kavu ya uzito wa kati, au vipande vitatu hadi vitano vilivyogundishwa ili isipinde kirahisi kwenye joto na unyevu wa Dar. Pembe ya juu ya bodi irefushwe, kifungo cha mkanda kifike usawa wa freti ya 12. Vikazio vya nyuzi viwe vyepesi. Mwisho kabisa jaribio la bure: vaa mkanda, achia mikono yote miwili. Gitaa likibaki pale pale, lipa hela. Likizama, rudisha.

Jaribio hilo linachukua sekunde kumi. Ila linahitaji mtu mmoja awepo pale, yule yule aliyesahaulika: mpiga besi. Alinyamaza, ndiyo, lakini anayelipwa kwa shoo akifungua mdomo, wiki ijayo anaitwa mwingine. Mabosi wanaujua ukimya huo na wanautumia.

Staa akitaka gitaa la kupiga nalo picha, alinunue, alitundike sebuleni. La jukwaani limwachie mwenye bega.

Wapiga besi wa makanisani, wa mabendi na wa mahotelini, uwanja wa komenti ni wenu. Nani kashawahi kubebeshwa gitaa la bosi?