Kipindupindu: kwa nini maji ya chumvi bila sukari hayatoshi

Kila mara kipindupindu kinaporudi kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, kuna familia zinazodharau serumu ya kunywa, ile pakiti ya unga wa kuchanganya na maji. Wanaona ni dawa ya kungojea ile ya kweli, ya kupitisha kwenye mshipa. Na katika kungoja huko mtu anaisha maji mwilini, juu mgonjwa mahututi anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Kumbe pakiti ile inafuata mlango halisi ndani ya utumbo. Chembe za utumbo zimefunikwa na utando wa mafuta, na sukari haiupiti yenyewe. Inavushwa na protini inayoitwa SGLT1. Mwaka 1960, huko Prague, Robert Crane alieleza kwamba sukari inaingia ikishikana na sodiamu ya chumvi. Lakini mlango wenyewe hakuna aliyekuwa ameuona.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa picha ya protini ya jamii hiyo, iliyotolewa kwa Vibrio parahaemolyticus, bakteria ambayo ni ndugu wa ile ya kipindupindu! Sukari ilionekana imefungiwa katikati, pande zote mbili zimefungwa. Kwa hiyo si tundu tu. Ni mlango unaofunguka upande mmoja, unafunga, halafu unafungua upande wa pili. Picha ya SGLT1 ya binadamu ilikuja mwishoni mwa 2021, kwa kugandisha protini na kuiangalia kwa darubini ya elektroni. Kila sukari moja inavuka na sodiamu mbili, na maji yanafuata.

Sumu ya kipindupindu inalazimisha mlango mwingine, wa kloridi, ubaki wazi, na maji yanamwagika nje. SGLT1 haiiguswi. Ndiyo maana mgonjwa anayeharisha bado anaweza kunyweshwa akapona. Goma ya 1994, ambako wakimbizi karibu 50.000 walikufa katika mwezi mmoja kwa kipindupindu na kuhara damu, inajua bei ya kuchelewa.

Kipimo nacho si mchezo. Pakiti ya sasa ina sodiamu na glukosi sawa kwa sawa, 75 kwa 75. Sukari ikizidi ile ambayo milango inaweza kuvusha, inabaki utumboni na kuvuta maji kutoka mwilini. Kwa hiyo vinywaji vya chupa, vile watu wanaita sukre, vinaongeza kuhara. Pakiti ikikosa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, bila kilima.

Serumu ya kunywa haizuii kuhara saa hiyo hiyo, na hapo ndipo wengi wanatupa kikombe. Anayeshindwa kabisa kunywa, au aliyezimia, huyo lazima apate serumu ya mshipa. Wengine wote wanyweshwe kidogo kidogo tangu nyumbani, hata njiani kuelekea kituo cha afya.