Koki Haiponi kwa Kukazwa

Mtu aingiapo katika bafu la nyumba ya kupanga hapa Madogo, aghalabu huweza kukisia umri wa koki ya bomba la mvua kwa kuutazama mpini wake ulivyolegea au ulivyomeguka, kwani sisi wapangaji na wenye nyumba tumekubaliana, pasi na mkataba wala shahidi, kwamba koki ivujapo dawa yake ni kukazwa, na isiponyamaza ikazwe zaidi, na mkono ukishindwa iletwe koleo. Mpaka siku moja mpini hukatika kiganjani, maji yakafoka, na hapo ndipo atafutwapo mbio fundi ambaye, lau angaliitwa miezi sita nyuma, angaliimaliza kazi kwa kipande cha mpira kisichopita upana wa sarafu ya shilingi kumi.

Nami nilikuwa mmoja wa wakazaji hao, tena mwenye kiburi. Bomba la mvua la nyumba ninayokaa lilianza kudondosha wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari, ambapo joto la mchana huku kwetu hupindukia digrii 35 na maji ya tangi la juu ya paa humfanya mwogaji wa adhuhuri aruke. Nilidhani ni yale maji yanayosalia kichwani mwa shawa baada ya kufungwa, ambayo hudondoka dakika chache kisha yakakoma yenyewe, wala hiyo si ila. Haya hayakukoma. Usiku mmoja nikatega ndoo ya lita 20 tangu baada ya sala ya isha, na alfajiri nikaikuta imepita theluthi. Tone moja kwa kila sekunde si kitu machoni mwa mtu, walakini siku ina sekunde 86,400, na matone 4,000 hivi hufanya lita moja, kwa hiyo kutwa kucha hupotea lita 21 na ushei, nao ndio mtungi ule ule ambao jirani asiyekuwa na bomba huununua kwa mwenye mkokoteni wa punda, kisha akaugawa kwa kata baina ya chungu, kinywa na udhu. Imo hadithi iliyopokewa na Ibn Majah, ya kwamba Mtume alimkanya sahaba wake Saad asifanye israfu ya maji katika kutawadha, hata akiwa kando ya mto upitao. Na ijapokuwa wanavyuoni wameizungumza sanadi yake, sisi tunaokaa kando ya mto hasa tungeona haya kujifanya hatukuisikia.

Asili ya ila ya koki ni mto huo huo. Mto Tana huzaliwa katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, hupita katika mabwawa matano, la Masinga lililokamilika mwaka 1981 likiwa ndilo kubwa kuliko yote, na ijapokuwa humo huacha matope mengi, ufikapo darajani petu, baina ya Madogo na Garissa, ungali na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye mitambo ya kusafisha maji hutiwa shabu ili matope yashikamane na kutuama. Lakini bomba likipasuka njiani, au yakija mafuriko mfano wa yale ya Novemba 2023 na ya Aprili 2024, yaliyoikata barabara ya kwendea Garissa hata watu wakavuka kwa mashua mahali walipozoea kupita kwa miguu, mchanga hupata upenyo, na punje moja ikishaingia katika tangi la nyumba haina haraka. Hungoja siku yake.

Ndani ya koki ya aina ya kale mna kiini cha shaba kinachopanda na kushuka mpini uzungushwapo, na ncha ya kiini hicho imevishwa mpira wa mviringo, ambao hushuka ukakaa juu ya tundu la maji kama kifuniko juu ya chungu. Punje ya mchanga ikija ikakaa katikati yao, kifuniko hakilali sawa, tone hupita. Mwenye nyumba hukaza, naye kwa kukaza huko huishindilia punje ndani ya mpira na kuikwangua nayo shaba ya kikalio. Kesho tone huwa matone mawili, naye hukaza mara mbili. Joto letu nalo husaidia uharibifu, kwani mpira unaochemshwa kila mchana na maji ya tangi hukauka na kuwa mgumu kama kwato kabla ya wakati wake. Basi mkono ule ule unaodhani unatibu ndio unaoongeza maradhi. (Koki za kisasa za kuzungusha robo duara, zenye vigae viwili vya kauri ndani, hazina mpira huo, lakini nazo mchanga huzikwaruza, na dawa yake ni kubadili kiini kizima.) Uvujaji wa kwenye maungio ni habari nyingine, huponywa kwa tepu nyeupe inayoviringwa juu ya hesi kwa upande wa kukazia, na shawa irushayo maji kombo kwa kuwa matundu yake yamezibwa na chumvi, hulazwa katika siki usiku mmoja.

Fundi niliyemwita alikuwa kijana mpole, akaishika koki, akaizungusha kidogo, akasema, "Mwalimu, hii umeikaza mpaka imekata tamaa." Kisha akauliza pa kufungia maji. Nikamwonyesha koki ya barabarani, kwenye mita. Akatikisa kichwa, akaashiria juu kwa kidole: maji ya bafuni yatoka tangini, na baina ya tangi na bafu hapana koki hata moja. Ili kubadili mpira wa shilingi chache ilitulazimu kulimwaga tangi la lita 1,000, lililojaa jana yake baada ya siku tatu za mabomba kukauka.

Hapa ndipo nilipo na hoja yangu, na waungwana wenye nyumba wanisamehe. Nyumba zinajengwa hapa kwa wingi, nyingine za ghorofa, zenye vigae vya kung'aa ukutani na shawa iliyopakwa rangi ya dhahabu, na mwenye kuzijenga hakufikiri hata siku moja kwamba shawa hiyo itaharibika. Wazee wa pwani walifikiri. Katika majumba ya mawe ya Lamu, birika la maji la msalani lilikaliwa na samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika, katika sakafu yake, mwashi alijengea bakuli la Kichina, ili siku maji yapungukapo, au birika liondolewapo maji likasafishwa, samaki wapate pa kujihifadhi. Zingatia tadbiri hiyo: mwashi yule, hali chokaa yake haijakauka, alikwisha kuiona siku ya kusafisha, na hata samaki hakumsahau, ilhali sisi, wenye mabomba ya plastiki na ramani zilizopigwa mihuri, tumemsahau mtu.

Najua majibu ya mwenye nyumba, maana nimeyasikia. Koki ya kufungia ni gharama juu ya gharama, kila ungio ni mahali pa kuvuja, na mpangaji mwenyewe ndiye aliyeharibu. La mwisho ni kweli kwa baadhi yetu, nami nimekwisha kukiri. Walakini insafu ni kuzipima gharama zote mbili: bei ya koki moja iliyotiwa wakati wa kujenga, kabla ukuta haujapigwa lipu, na bei ya tangi zima linalomwagwa kila mpira uchakaapo, au, kama ilivyo kawaida, bei ya maji yanayodondoka mwaka mzima kwa sababu hapana mtu aliye tayari kulimwaga tangi. Maana hiyo ndiyo sababu hasa ya uvivu wetu. Hatukazi koki kwa ujinga tu; twaikaza kwa sababu nyumba yenyewe imetunyima namna ya kuifungua. Nami ningependa kila mpangaji, kabla ya kutoa fedha za mwezi wa kwanza, awe anauliza maji ya bafu hufungiwa wapi, kama anavyouliza habari ya umeme na ya mlango; na kila fundi aogope aibu ya kukabidhi bafu lisilokuwa na jawabu la swali hilo.

Siku ile, maadamu tangi lazima limwagwe, nilimtuma mtoto aite majirani. Walikuja na mitungi ya njano, madumu, sufuria, na mzee mmoja alikuja na birika la chai kwa sababu, alisema, ndicho chombo pekee kilichokuwa karibu. Kwa muda wa saa nzima ua ulikuwa kama kisima. Tangi lilipokauka, fundi alifungua nati kwa spana, akachomoa kile kiini, akanionyesha mpira: ulikuwa umechimbika duara kama alama ya pete kwenye kidole cha mtu aliyenenepa, na ndani ya mfereji huo imekaa punje moja ya mchanga, nyeupe, ndogo kuliko chembe ya mtama. Akakipapasa kikalio kwa ncha ya kidole kuona kama kimekwaruzika, akaridhika, akavisha mpira mpya, akarudisha nati bila ya kutumia nguvu. Kazi yote haikufika dakika kumi. Kisha akanifundisha kufunga: zungusha hata maji yakome, ukome nawe.

Mama mmoja jirani, aliyekwisha kubeba mitungi minne, alisimama mlangoni akitutazama, akamsikia fundi akisema kwamba sasa haitavuja tena. Akaonekana kusikitika kidogo.

"Na ile ya jikoni, Mwalimu," akauliza, "haijaanza?"