Likasi: mzee kutoka hospitali si kusema amepona

LIKASI – Huko Kikula, Panda na kwingineko mjini, siku mzee anapotoka hospitali, familia inashukuru Mungu. Wanamlaza, wanamfunika blanketi, wanafukuza wajukuu wasimsumbue. "Apumzike," wanasema. Wiki tatu baadaye mzee hawezi kufika chooni peke yake, na watu wanaanza kutafuta nani amemloga.

Hakuna aliyemloga. Kitanda ndicho kimemmaliza. Siku 10 tu za kulala zinatosha kupunguza nyama za miguu ya mzee, na kuzirudisha kunachukua muda mrefu zaidi. Kwa aliyepooza upande mmoja, miezi 3 ya kwanza ndiyo mwili unajifunza upesi kutembea tena. Ikipita bure, mazoezi bado yanasaidia, lakini pole pole sana.

Lawama yote isitupwe kwa familia. Nani aliwaeleza? Mara nyingi wanapewa karatasi ya dawa na faktire, basi. Hawaonyeshwi namna ya kumsimamisha baba yao, wala hawaambiwi siku gani wamrudishe kwa mtu wa kine kwa mazoezi.

Tena kuna ubaya mwingine. Katika Kongo hii, wagonjwa waliokwisha kuruhusiwa wanazuiliwa hospitalini kwa sababu hawajalipa. Wakubwa wa hospitali wanajibu kwamba bila pesa hakuna dawa wala mshahara wa waganga. Ni kweli. Lakini mzee anayezuiliwa wiki mbili kitandani anatoka na miguu dhaifu zaidi. Hospitali inaharibu kazi yake yenyewe.

Na wazee hao ni nani? Wengi wametumika katika viwanda vya Gécamines. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo walipelekwa nyumbani kwa mpango ulioitwa Départs volontaires, uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Mshahara ulikwisha, na matunzo ya kampuni pia. Leo nguvu zao zimekwisha, na wanaambiwa walipe au wabaki ndani.

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 49, inasema watu wenye umri mkubwa wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Basi ilindwe haki hiyo pale Likasi. Mzee aliyeruhusiwa aende nyumbani, na deni lilipwe kidogo kidogo. Kabla ya kutoka, mtu mmoja wa familia aonyeshwe mazoezi mbele ya muganga. Wakubwa wa afya wapange mtu wa kine azunguke katika vituo vya mitaa, maana nauli ya pikipiki kila wiki inashinda wengi.

Nyumbani nako, mzee asimamishwe kila asubuhi, ashikwe mkono mpaka mlangoni. Aliyevunjika mfupa, muganga aulizwe kwanza. Bukari yake iende na ndakala au maharagi. Hayo hayangojei serikali.