Radio ya boti si pambo

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wako pwani wanaangalia. Barabara ya Sake ilikuwa imekatwa na vita. Watu wa Masisi wangepitia wapi tena?

Boti tuliyopanda Bweremana ilikuwa na radio. Antena ilifungwa chini, nyuma ya mabati, waya zimeshikwa na skochi, batri iko palepale maji yanapoingia. Radio ya namna hii inahitaji antena iwe juu. Ikiwa chini, sauti haifiki mbali. Na maji yakigusa batri, inanyamaza.

Tunataka hivi: kabla ya kuondoka, kapiteni aite bandari kwa radio, abiria wakisikia. Bandari isipojibu, boti haitoki.