Mwenye Nguvu na Amana



Wazazi huuliza: mwana wetu aitwapo kwenye mahojiano ya kazi, aseme nini? Tukisome kisa kilichomo katika Suratul Qasas, aya ya 23 hadi ya 28.

Nabii Musa, alayhi salaam, alifika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu. Akawanyweshea mifugo mabinti wawili waliosimama kando wakingoja wachungaji waondoke. Baadaye mmoja wao akamjia kwa haya, kumwita kwa baba yao apewe ujira. Tena mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Hilo ndilo alitafutalo kila mwajiri. Maswali yake, hata yazunguke vipi, hurudi kwenye mawili: Je, kazi utaiweza? Je, nikuamini? Nguvu ya karani ni hesabu zake. Ya mwalimu ni elimu na subira. Musa hakujisifu, kazi yake kisimani ilikwisha kumsemea. Basi mwombaji ataje aliyoyatenda, wala asidai cheti asichokuwa nacho. Aanzaye kwa uongo ameivunja amana kabla hajakabidhiwa.

Lakini mwajiriwa naye ana haki yake. Mzee yule alitaja muda waziwazi: miaka 8, na kutimiza 10 ni hiari; akaahidi kutomtaabisha. Musa naye akaweka sharti: muda wowote autimizao kati ya hiyo, asidhulumiwe. Wakaagana, Mwenyezi Mungu akiwa shahidi wao.

Kina mama, hapa ndipo tupungukiwapo. Mabinti zetu huinamisha kichwa wakakubali lolote, wakidhani kuuliza mshahara ni utovu wa haya. Binti wa Madyan alikuwa na haya, na ujumbe wake akaufikisha. Wafundisheni kuuliza kwa upole: kazi yenyewe ni ipi, saa ngapi, mshahara kiasi gani, siku gani ya mapumziko, na nafasi ya kuswali ipo? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 au zaidi, na yakataza mtu kubaguliwa kwa dini yake. Naye aendaye kufanya kazi Ghuba, mbali na jamaa zake, ana haja zaidi: asitie saini karatasi asiyoielewa.

Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu kazi za halali na waajiri waadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.