Daraja la Tatu si la Wanyonge

Mtoto wa Sumbawanga akiuliza taarifa za benki hutunzwa wapi, mwalimu hana budi kuwa na jibu. Katika vituo vikubwa vya kompyuta, taarifa nyingi hukaa katika diski zilizotengwa na kompyuta zinazozitumia. Aghalabu husafirishwa kwa mfumo uitwao Faiba Chaneli, ambao kanuni zake za kwanza ziliidhinishwa Marekani mwaka 1994. Mfumo huo ulipangiwa madaraja ya huduma, na hapo ndipo wanachuo wengi hupotosha.

Huku Ufipa neno "daraja" humkumbusha mtu meli ya Liemba iliyokuwa ikipita Kasanga: la kwanza kwa wenye vyumba, la tatu kwa wenye nauli ndogo. Mfano huo tunaupinga. Katika Faiba Chaneli daraja la tatu ndilo lililobeba sehemu kubwa ya mizigo, ilhali la kwanza lilitumika kwa nadra hata likaachwa.

Mfano ufaao ni simu na posta. Daraja la kwanza lilifanana na simu ya zamani ya kuunganishwa na opareta: njia ikishakabidhiwa wawili, wengine husubiri. La pili ni barua ya rejista. Kila fungu la taarifa hurudishiwa stakabadhi. (Wako watakaosema watoto wa leo hawaijui rejista. Basi wapelekwe posta.) La tatu ni barua ya kawaida. Je, ikipotea? Njia haitasema neno. Mwandishi, asipopata jibu kwa muda aliouweka, ndiye atakayeandika tena. Lakini upotevu ni nadra, kwa kuwa mtumaji hatumi mpaka jirani yake ajulishe kwamba ana nafasi ya kupokea. Kwa nini basi kuisumbua njia kwa stakabadhi zisizokwisha?

Hili la nafasi ndilo gumu kwa maneno matupu, nasi twashauri lichezwe. Watoto watano wasimame mstari mmoja, wapitishiane vikaratasi ishirini vyenye namba. Asiye na nafasi mkononi asipewe. Mara ya kwanza kila kikaratasi kirudishiwe stakabadhi hadi mwanzo wa mstari. Mara ya pili hapana, na saa itazamwe mara zote mbili. Kisha mwalimu afiche kikaratasi cha saba, naye anyamaze mpaka mtoto wa mwisho aone pengo katika namba zake na kukidai.